Mchezo Usioweza Kuazimwa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, vumbi la Kasenga, mtaa wetu hapa Uvira, lilikuwa limeamka kabla ya watu. Nilitoka nyumbani na karatoni begani. Ndani yake zilikuwamo CD zote za michezo nilizokuwa nazo, nami nilikuwa nakwenda kuziuza. Nilitembea haraka, tena kwa furaha. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi sikuwa mgeni Uvira, nilizaliwa hapa, lakini kamba niliisikia mguuni kila siku, na asubuhi ile nilidhani nimeikata.

Nakusimulia haya, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, kwa sababu juzi uliniuliza ununue mashine gani ya michezo: ile yenye mdomo wa kumeza CD, au hii mpya isiyo na mdomo, ambayo kila mchezo inauvuta kutoka mtandaoni. Ulitaka jibu la neno moja. Sina. Sijawa mzee wa fimbo, niko katika miaka ya arobaini, na hata leo nikisikia honi ya meli bandarini Kalundu miguu inaniwasha. Lakini swali lako nililijibu vibaya nilipokuwa kijana, na karibu linikoseshe kitu ambacho hakinunuliwi dukani wala mtandaoni. Kaa kidogo. Ukishindwa kukaa, simama kama ninavyosimama mimi nikiandika, ila sikiliza.

Wakati ule nilikuwa na chumba cha michezo kando ya barabara, sale kama tunavyosema hapa. Televisheni chache, mashine zake, mabenchi ya mbao, na jenereta ya jirani umeme unapokatika. Wanafunzi walikuja wakitoka darasani, vijana wa pikipiki walikuja wakingoja abiria, na Jumapili baada ya misa na ibada hata baba zao walipita wakijifanya wanatafuta watoto. CD ndiyo iliyolisha chumba kile. Ulivuka mpaka wa nchi pale Kavimvira, ukaenda kuinunua Bujumbura, ukarudi nayo ndani ya shati ili vumbi lisiichune. Ikipata mikwaruzo tuliipaka dawa ya meno na kuifuta kwa kitambaa laini, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, na mara nyingi ilifufuka.

Na CD haikukaa mahali pamoja. Hilo ulishike. Sisi wenye sale tulikuwa na desturi: mchezo ukizeeka kwako, unaupeleka kwa mwenzako, naye anakupa uliozeeka kwake. Mchezo wa mpira uliowachosha vijana wa Kasenga ulikuwa mpya kwa vijana wa Kalundu. Hakuna aliyeandika kitu. Mtu alijua tu kwamba kitu chake kiko kwa fulani, na cha fulani kiko kwake. Lakini kukifuata kulitaka subira. Huwezi kuingia kwa mtu ukasema nipe CD yangu nikaende. Unakaa, unapewa chai, unasikia habari za mgonjwa na za harusi, ndipo unapokumbusha, kama jambo lililokujia njiani, ile CD. Mwenye sale wa Kalundu aliitwa Jadot, mtu mnene mwenye maneno mengi, na kufuata CD moja kwake kulikula nusu ya siku.

Mimi nilichoka. Nilitaka kuona Kalemie. Nilitaka kuvuka ziwa nione Kigoma, nipande Bukavu, nishuke tena. Kila nilipowaza safari niliiona karatoni ile, na zile CD nyingine zilizotawanyika kwa watu, moja Mulongwe, moja Kavimvira, na hiyo ya Jadot, nikaona kama nimefungwa miguu yote miwili.

Ndipo binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi akaja likizo na kunionyesha njia. Siku hizi, alisema, mchezo haushikwi mkononi. Yeye alikuwa na kadi ya benki, mimi sikuwa nayo. Angefungua konti, yaani akaunti, katika duka la mtandaoni kwa jina lake, mimi nimtumie pesa, yeye alipe, na mchezo uingie wenyewe ndani ya mashine. Tulizibeba mashine hadi Bujumbura penye intaneti ya nguvu, zikashinda zinavuta, tukarudi nazo zimeshiba. Nilipoiwasha ya kwanza pale Kasenga na mchezo ukafunguka bila kitu chochote kuingizwa, nilihisi ningeweza kuondoka siku hiyo hiyo. Kipya kinyemi, mwanangu, kingawa kidonda.

Kwa hiyo nilizikusanya CD zangu zote kwa watu, na asubuhi ile nikampelekea Jadot karatoni. Alizitazama moja moja, akanitazama na mimi.

"Ndugu, unauzisha hata sahani? Kesho utakulia mu nini?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba chakula changu sasa kiko hewani.

"Basi ukisikia njaa," akasema, "fungula kinywa, utazame juu."

Vijana wake wakacheka. Nami nikacheka, maana nilijiona nimekwisha kuwaacha nyuma wote.

Sasa nikuambie kilichonipa haraka hasa. Kulikuwa na Mapendo. Alikuwa mshonaji, ana cherehani yake kwenye baraza la nyumba yao mtaa wa Songo, na alikuwa na tabia ya kuongea bila kuinua kichwa, ila neno lake lilikupata pale pale. Nilipanga kumwoa, nichukue mashine zangu na mke wangu, tupande meli hadi Kalemie. Baba yake, Mzee Kashindi, alikuwa mfugaji wa Bijombo. Yeye na familia yake waliteremka kutoka milimani, lakini ng'ombe wake walibaki kule juu mikononi mwa watu, na kila msimu alipanda kwenda kuwatazama, akirudi na matope ya mlimani kwenye viatu na uso uliotulia kama wa mtu aliyetoka kanisani.

Nilikwenda kujitambulisha pamoja na mjomba wangu, ambaye kwa ajili ya siku hiyo alivaa koti licha ya joto la ziwa. Tulipewa soda. Mjomba alisema yanayosemwa, kwa mzunguko mzuri, mpaka mwenyewe akafurahia. Mzee Kashindi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Mujomba wako amesema vizuri. Sasa minye nauliza weye mwenyewe. Ngombe zako ziko kwa nani?"

Hapo nikueleze, maana wewe umekulia kwenye lami. Kule juu hawakuulizi una ng'ombe wangapi. Idadi ni swali la wezi. Wanakuuliza wako kwa nani. Mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunze. Anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba lake, na ng'ombe akizaa, baadaye ndama mmoja hurudi kwa mwenyewe. Nyumba mbili zinafungamana hapo, na watoto wao wanajuana. Kijana ambaye hana kitu chake kwa mtu yeyote, kwao, ni kijana asiyemwamini mtu, au asiyeaminiwa.

"Sina ngombe, Muzee," nikasema. "Minye niko na sale ya michezo."

"Vizuri. Hiyo michezo iko kwa nani?"

"Iko mu konti."

"Konti ni muntu?"

Nyuma ya pazia mtu alicheka, na nilitambua cheko lile ni la nani. Nikamweleza mzee, kwa kujitahidi: kuna kampuni, iko mbali, mchezo unakaa kwao na kwangu kwa pamoja, unafunguliwa kwa namba ya siri. Aliegemeza viwiko kwenye magoti na kunifuata neno kwa neno. Hakunidharau. Afadhali angenidharau.

"Unaweza kumupa mwenzako moja, akae nayo, halafu akurudishie?"

"Hapana, Muzee. Inakatala."

"Ukichoka nayo, unaweza kuiuzisha?"

"Hapana."

"Na hiyo konti iko kwa jina ya nani?"

Nikasema ni ya binamu. Mjomba wangu alikohoa, akatazama chupa yake ya soda kana kwamba imeandikwa kitu.

"Basi mwanangu, weye si mwenye ngombe. Weye ni muchungaji," akasema Mzee Kashindi. "Na muchungaji wa kweli, mwenye ngombe anamujua kwa jina. Huyu wako anakujua?"

Nilikuwa kijana, na kijana akishikwa hukimbilia mahali pamoja. Nikamwambia dunia imebadilika.

"Imebadilika, ndiyo. Na maziwa ya kuchunga ni matamu, minye mwenyewe nimeyakunywa. Sikukatazi maziwa. Lakini binti yangu sitamupa muntu mwenye hana kitu ya kuachia mwenzake. Muntu wa vile, siku anaondoka, hakuna fasi wala nyumba atarudia. Enda. Siku utapata kitu yenye unaweza kuweka mu mukono ya mwengine, rudi."

Njiani mjomba alitangulia mbele mpaka tukafika karibu na nyumbani. Akavua koti na kusema kwamba soda, angalau, ilikuwa baridi.

Kesho yake nikapita Songo. Mapendo alikuwa anashona sare za shule. Nilitaka anionee huruma, nikamwambia baba yake amenikataa kwa sababu ya mambo asiyoyaelewa. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Baba hajakukatala. Amekuuliza," akasema. Baadaye kidogo, uzi ulipokatika, akaongeza: "Na minye pia ningependa kujua. Ukifika Kalemie na ukachoka, utarudia nini?"

Nikakasirika. Nilishuka hadi Kalundu kuuliza meli ya Kalemie inaondoka lini. Niliambiwa bado inapakia. Nikazunguka bandarini kati ya magunia na mafuta ya mawese, nikarudi, nikashuka tena siku iliyofuata. Hiyo ndiyo hali yangu, mwanangu. Moyo wangu ukiumia, huteremkia miguuni.

Wakati meli inapakia, vijana wa Kasenga na vijana wa Songo walikuwa wamepanga kushindana kwenye sale yangu Jumamosi mchana. Nikaona niwape shindano la kuagana. Ili mchezo wa mpira upate majina ya wachezaji wa msimu mpya, nikaziunganisha mashine na intaneti ya simu. Zikafikiri kwa muda mrefu. Kisha juu ya kila mchezo, mmoja baada ya mwingine, ikatokea alama ya kufuli.

Nilimpigia binamu. Masikini, alishtuka kuliko mimi. Alikuwa amejinunulia mashine yake kule Nairobi, akaingia kwa konti ile ile ambayo ilikuwa kwa jina lake, akaifanya mashine yake kuwa ndiyo ya nyumbani, ile ambayo duka huiruhusu kufungua michezo. Hakujua kwamba za kwangu zingegeuka kuwa wageni. Alijaribu kurekebisha, akaambiwa na duka lile asubiri miezi ndipo abadilishe tena. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na ndugu mwenyewe hakuwa na kosa. Michezo niliyoilipia ilikuwepo, naiona, picha zake zinang'aa, na sina mlango wa kuingilia.

Vijana walikuwa wamejaa hadi barabarani. Mmoja wa Songo akauliza mpira uko wapi. Mwenzake akamjibu, "Iko hewani. Ngoja inyeshe." Walicheka mpaka benchi likavunjika mguu.

Nilipanda pikipiki hadi kwa Jadot. Njia nzima nilipanga maneno ya haraka. Lakini nilipofika alinionyesha kiti, na nikakaa. Chai ikaja. Alinieleza kuhusu mama mkwe wake aliyekuwa mgonjwa wa miguu, na kwa mara ya kwanza nilimsikiliza, nikamuuliza anatibiwa wapi. Nami nikamweleza ya Songo, ng'ombe na yote. Hakunicheka, ingawa nilitarajia anicheke. Aliingia ndani akarudi na CD ya mpira. Ilikuwa mojawapo ya zile zangu, mkwaruzo wake naujua. Akanipa, akasema nikimaliza nisitume mtu, niirudishe mwenyewe.

Shindano likachezwa. Songo walishinda. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako: nisingeweza kwenda kwa Mzee Kashindi na kitu cha Jadot mkononi. Meli ya Kalemie iliondoka, niliiona kutoka ufukweni, nikabaki. Sijui kama umewahi kubaki mahali ambapo mwili wako wote unataka kuondoka. Ni kazi ngumu kuliko safari.

Nilifanya kazi msimu mzima kwa CD za kuazima. Mwishoni nikavuka Bujumbura nikanunua mchezo mpya wa mpira, wa msimu ule, ambao hakuna sale Uvira iliyokuwa nao. Nilirudi nao ndani ya shati. Mwanangu, nilipopita Kasenga nikawaona vijana wamekaa mbele ya mlango wangu, nilijua ningewasha mashine saa ile chumba kingejaa mpaka Krismasi. Nikamwambia mwenye pikipiki asisimame. Desturi yetu ilikuwa kupeana michezo iliyozeeka, na nilikuwa nimewaza sana juu ya hilo. Kumwachia mtu ulichokwisha kuchoka nacho si kumwamini. Nilikwenda moja kwa moja hadi Kalundu nikampa Jadot CD ile, bado imefungwa kwenye plastiki yake.

Aliigeuza geuza. "Unaugua?"

Nikamwambia siugui. Akae nayo.

Ndipo nikaenda Songo, peke yangu, bila mjomba wala mzunguko wa maneno. Nikamwambia Mzee Kashindi, "Muzee, kitu yangu iko kwa Jadot, kule Kalundu."

Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mapendo aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, jambo ambalo, kama nilivyokuambia, halikuwa desturi yake. Baba yake hakuwahi kupanda pikipiki maishani. Siku ile alipanda, mgongo umenyooka kama mtu anayevuka mto kwa mguu, na mimi nikafuata kwa nyingine.

Kwa Jadot tulikuta chumba kimejaa na mchezo wangu unachezwa. Mzee alisimama mlangoni akatazama televisheni kwa muda, vijitu vidogo vya rangi rangi vikikimbia kwenye majani ya kijani. Sijui aliona nini. Kisha akamuuliza Jadot kitu kile ni cha nani. Niliogopa, kwa sababu Jadot angeweza kutania hata msibani.

"Ni ya huyu muntu," Jadot akasema. "Minye naishika tu. Atakuya kuifwata."

"Unajua je kama atakuya?"

Jadot alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Kitu yake iko hapa."

Mzee Kashindi akaitikia kwa kichwa polepole. Alinigeukia na kusema nimwambie mjomba wangu avae lile koti tena.

Mapendo ni mke wangu hadi leo. Tulikwenda Kalemie, tukakaa. Tukavuka Kigoma. Nilimzungusha ufuo huu kuliko alivyotaka, na amenisamehe karibu yote. Lakini kila mji niliotoka nilimwachia mtu kitu: mchezo kwa huyu, manete, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, kwa yule. Watu wale waliniandikia, wakanipigia, wakaniuliza nakuja lini. Miguu yangu haikupona ugonjwa wake. Ilipata tu mahali pa kuelekea.

Usinielewe vibaya, usije ukasema nilikukataza mambo ya mtandao. Mwaka ambao maji yaliingia majumbani, Jadot alipoteza karatoni yake nzima. Nilimsaidia kuchimbua CD kwenye matope na hakuna dawa ya meno iliyozifufua. Michezo yangu ya mtandaoni, ambayo sasa nainunua kwa konti yenye jina langu mwenyewe, haikulowa. Maziwa ni maziwa, nayanywa.

Basi jibu lako ni hili. Ukiweza, nunua mashine yenye mdomo. Ukinunua isiyo na mdomo, furahi nayo, lakini konti iwe kwa jina lako, si la kaka wala binamu hata awe malaika, na usijidanganye: wewe hapo ni mchungaji, na mwenye ng'ombe hakujui. CD zako za sasa usiziuze ili upate za hewani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tena usizifungie kabatini, maana CD iliyofungiwa haina tofauti na konti. Mwachie mwenzako mojawapo, na iwe ile unayoipenda, ile inayokuuma kidogo kuitoa. Ukienda kuifuata, kaa, unywe chai, uulize habari za mgonjwa.

Mungu akupe vitu vya kutosha kushika, mwanangu, na vichache vya kubeba. Akujalie njia, kwa maana najua nawe una miguu kama yangu, na akulinde majini na mpakani. Na utakapokuwa mbali, watu wakianza kusema umepotea, awepo mtu mmoja katika mji huu wa kuwajibu kwa utulivu: huyo atarudi, kitu chake kiko hapa kwangu.